Schnuffi na wenzake: wanyama wa Frankfurt walioishi kwenye jarida la kejeli bila kuwa na adui

Mkala Wino (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kwenye ule uzi wa katuni za siasa wachangiaji wengi walikubaliana kwamba katuni isiyomgusa mkubwa yeyote ni wino uliomwagika bure. Mimi napinga, na hoja yangu ina mnyama ndani yake, kwa hiyo nimeona nimfungulie uzi wake kabisa. Ni mrefu. Wenye haraka wapite, wenye nafasi wavute kiti.

Mnyama huyo anaitwa Schnuffi. Ana pua kubwa, anaongea kama mtu, na makazi yake yalikuwa ndani ya jarida la kejeli lililowakosesha wakubwa usingizi Ujerumani Magharibi. Aliyemchora ni Robert Gernhardt.

Tuanze na jarida, maana bila hilo Schnuffi ataonekana katuni ya watoto tu. Liliitwa pardon, wenyewe wakiliandika kwa herufi ndogo. Lilianzishwa Frankfurt mwaka 1962 na Hans A. Nikel na Erich Bärmeier. Nembo yake ilikuwa kishetani kinachovua kofia kama muungwana anayesalimia, na kilichorwa na F. K. Waechter, ambaye jina lake litarudi sana humu.

Angalieni ni mwaka gani huo. Konrad Adenauer bado ni kansela, tangu 1949. Mkuu wa ofisi yake ni Hans Globke, mtu aliyeandika ufafanuzi rasmi wa sheria za Nuremberg za kuwabagua Wayahudi. Mahakamani wamejaa majaji waliohukumu chini ya Hitler na wakabaki na viti vyao. Oktoba ya mwaka huohuo polisi wakavamia ofisi za jarida la Der Spiegel kwa madai ya uhaini, na mhariri wake Rudolf Augstein akawekwa ndani siku 103. Jarida la kejeli likizaliwa katika hali hiyo halihitaji kutafuta adui. Adui anabisha hodi mwenyewe. Na pardon walipigana kweli, hadi kuburuzwa mahakamani mara kwa mara.

Sasa, ndani ya jarida hilo, kuanzia Septemba 1964, likatokea jambo ambalo hata leo nikilifikiria linanisisimua. Vijana watatu walipewa kurasa mbili wafanye watakavyo. Mmoja Gernhardt, wa pili Waechter, wa tatu Fritz Weigle, ambaye wasomaji walimjua kama F. W. Bernstein. Wakazigeuza kurasa hizo kuwa gazeti kamili ndani ya jarida, wakaliita Welt im Spiegel. Lilikuwa na jina kubwa juu, na kaulimbiu iliyodai ni gazeti huru kwa ajili ya dunia iliyo safi zaidi. Lina habari, picha, maelezo chini ya picha, mashairi na katuni. Umbo lote ni la gazeti halisi, ila ndani hakuna habari hata moja ya kweli, na hakuna mtu anayepigwa.

Hebu jiwekeni kwenye nafasi ya msomaji. Ametoka kusoma juu ya waziri mwongo, damu inamchemka, anafungua ukurasa unaofuata na kumkuta Schnuffi, ambaye hana habari kwamba Bonn, mji mkuu wa wakati ule, kuna serikali. Ana tatizo lake dogo. Analijadili kwa umakini wote. Neno analichukulia jinsi lilivyo, analifuata mpaka linamfikisha mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angekuwa ameshageuka zamani, na yeye haoni ajabu. Kisa kinaanza kwa adabu kama vile vya watoto, kisha sakafu inaondoka chini ya miguu ya msomaji. Fremu zikiisha, hakuna funzo. Wengi waliozoea kwamba katuni lazima ikupe neno la kwenda nalo nyumbani walibaki wakitazama ukurasa.

Hoja yangu ni hii: kejeli ya siasa, hata ikiwa kali vipi, inacheza kwenye uwanja uliochorwa na mkubwa. Yeye akizungumza, wewe unajibu. Akikosea, unacheka. Akistaafu, nusu ya kazi yako inakuwa ya kuelezewa kwa maelezo marefu. Gernhardt na wenzake walitaka sehemu moja ya jarida ambako mkubwa hana neno lolote, hata la kuchekwa. Kwangu mimi huo ni uhuru wa ngazi nyingine kabisa.

Na haya si maneno ya watu walioishi kwa raha wakakosa la kufanya. Gernhardt alizaliwa Desemba 1937 Reval, ambayo leo ni Tallinn, mji mkuu wa Estonia, katika jamii ya Wajerumani wa Baltiki. Mwaka 1939 Hitler na Stalin walipogawana eneo lile, familia yake ikahamishwa na kupelekwa Posen, katika Poland iliyokuwa imetekwa. Baba aliuawa vitani 1945. Mama akakimbia na watoto wake watatu wa kiume kuelekea magharibi hadi wakatua Göttingen. Waechter naye alizaliwa 1937 huko Danzig, ambayo leo ni Gdańsk ya Poland, na vita vikamfanya mkimbizi mtoto. Watoto hawa walikulia kwenye nchi iliyokuwa imejaa maneno makubwa yenye maana nzito: taifa, damu, heshima, hatima. Waliona yalikoishia. Mtoto wa aina hiyo akikua na kukataa kabisa kuipa katuni yake maana nzito, mimi namwelewa, na namheshimu.

Karibuni tujadili.

Fundi Chuma

Mkuu Mkala Wino, uzi umeshiba, lakini nakupinga kwa heshima. Umesema mwenyewe nchi ilikuwa na majaji wa Hitler mahakamani. Sasa katika hali hiyo mtu mwenye kipaji anapewa kurasa mbili za jarida linalosomwa nchi nzima, halafu anachora mnyama wa pua kubwa? Hizo kurasa zingetosha kumwanika jaji mmoja kila mwezi. Uhuru wa kutosema kitu wanao wale tu ambao hawajapigwa. Mimi bado nasema katuni ni silaha, na silaha haiwekwi ukutani kama pambo.

Shangazi Zuhura

Nimesoma hadi mwisho na chai imepoa. Swali dogo mwanangu: huyo Schnuffi alikuwa na wenzake kwenye hizo kurasa au alikuwa peke yake? Maana kichwa cha uzi umesema wanyama.

Mkala Wino

Shikamoo Shangazi. Wenzake walikuwapo, na mmoja alimzidi umaarufu. Bernstein alitunga beti ya mistari miwili tu juu ya elki, yule mnyama mkubwa wa misitu ya kaskazini mwenye pembe pana kama koleo. Inasema kwamba wanaowakosoa elki kwa ukali kuliko wote, hapo awali walikuwa elki wenyewe. Basi. Haisemi elki ni nani wala wamekosea nini. Wajerumani wakaichukua, na leo ni msemo: mwanasiasa akihama chama akaanza kukitukana alikotoka, mtu atataja elki na kila mmoja ataelewa. Wengi wanaoutumia hawamjui aliyeutunga.

Fundi Chuma, beti hiyo ndiyo jibu langu la kwanza kwako. Ilitungwa bila kumlenga mtu, ndiyo maana inawafaa wote. Ingekuwa inamsema waziri fulani wa miaka ya 1960, leo ingekuwa kaburini pamoja naye.

Jibu la pili ni refu kidogo. Hao watu hawakuwa waoga wala wavivu wa siasa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Nikel, mwenye pardon, alizama kwenye mambo ya kutafakari, akafika hadi kutangaza jaridani kwamba mtu anaweza kujifunza kupaa hewani. Wachoraji wakaona hapo hakuna kazi tena. Mwaka 1979 Gernhardt, Waechter, Hans Traxler, Chlodwig Poth na Peter Knorr wakaanzisha jarida lao hukohuko Frankfurt, wakaliita Titanic. Lipo mpaka leo na halijawahi kuwa la upole. Mmeshaona labda lile jalada la Novemba 1989, mwezi ulioanguka ukuta wa Berlin: dada wa Ujerumani Mashariki anatabasamu ameshika tango lililomenywa kama ndizi, na maneno yanasema hiyo ni ndizi yake ya kwanza.

Ndani ya Titanic, Traxler na Knorr wakampata mhusika wa katuni wa aina unayoitaka wewe Fundi. Kansela Helmut Kohl alikuwa na kichwa kipana chini na chembamba juu, wakamgeuza pea. Pea lenyewe, tunda, kwa Kijerumani likiitwa Birne. Mwaka 1983 wakatoa kitabu kizima cha Birne kilichoigiza vitabu vya watoto vya kujifunzia kusoma. Jina likashika nchi nzima. Sasa nikuulize: Kohl aliingia madarakani Oktoba 1982. Alitoka lini? Alitoka 1998. Miaka 16, zaidi ya kansela yeyote aliyemtangulia katika jamhuri ile, huku akiitwa pea karibu muda wote.

Fundi Chuma

Hilo la miaka 16 limenigusa, sikatai. Lakini kutomwondoa si sawa na kutomdhuru. Pengine bila Birne angekaa akiwa anaogopwa, na kwa Birne alikaa akiwa anachekwa. Kwa mwananchi wa kawaida tofauti hiyo ni kubwa sana. Mkubwa anayechekwa anajua kuna watu hawamwogopi.

Halafu hilo la pea si jipya. Charles Philipon wa Ufaransa alifanya hivyo kwa mfalme Louis-Philippe mwaka 1831. Alishtakiwa, na mahakamani akachora hatua nne: ya kwanza uso wa mfalme, ya mwisho pea tupu. Akawauliza mahakimu ni kipi kati ya hivyo ni kosa la jinai, maana kila hatua inafanana na iliyotangulia. Alitiwa hatiani, lakini mapea yakaenea kwenye kuta za Paris. Huyo ndiye mchoraji ninayemzungumzia mimi.

Mkala Wino

Umeleta mfano bora kabisa na nimefurahi. Mkasa wa Philipon naupenda sana. Ila uangalie tena: kilichowashinda mahakimu siku ile kilikuwa nini? Ni kuufuata mfano hatua kwa hatua, kwa utulivu, mpaka sheria yenyewe ionekane haina mahali pa kusimama. Hiyo ni njia ya Schnuffi. Philipon alikuwa na mfalme mbele yake, Gernhardt hakuwa naye, lakini mkono ni uleule. Ndiyo maana siamini kwamba kurasa zile mbili zilikuwa za kupumzikia. Pale ndipo mkono ulipofundishwa.

Na kuhusu tofauti ya kuogopwa na kuchekwa, nakupa alama. Hapo sina la kupinga.

Nyuki Dume

Wakuu mnapigana kwa hoja hadi raha. Naweka kambi hapa. Mimi nilikuwa nawajua hawa kwa upande mwingine bila kujua. Yule mchekeshaji Otto Waalkes wa Ujerumani, mwenye sauti na mbio za ajabu, maneno yake mengi yaliandikwa na Gernhardt, Knorr na Bernd Eilert. Hata filamu yake ya kwanza ya mwaka 1985, iliyojaza majumba ya sinema, waandishi ni haohao. Kwa hiyo upuuzi uliotungwa kwenye kurasa mbili za jarida la wasomi uliishia vinywani mwa watoto wa shule nchi nzima.

Mkala Wino

Safi sana Nyuki Dume, hilo nilitaka kuliandika nikaona uzi unarefuka. Kundi lao lote lilikuja kuitwa Shule Mpya ya Frankfurt, kwa kuwa mji huohuo ulikuwa na Shule ya Frankfurt ya wanafalsafa, akina Horkheimer na Adorno. Watu wanane: Gernhardt, Bernstein, Waechter, Traxler, Poth, Knorr, Eilert na mwandishi Eckhard Henscheid.

Mtu wa Mainz

Wandugu, mimi naishi Mainz, treni hadi Frankfurt ni chini ya saa moja, kwa hiyo naomba nishuhudie kwa macho. Mleta uzi hujawafikisha watu kwenye sehemu tamu kuliko zote. Hawa wachoraji sasa wako nje, mitaani na msituni.

Frankfurt ina ukanda wa kijani unaouzunguka mji. Una hekta kama 8,000, karibu theluthi ya eneo la mji, na baraza la mji liliamua mwaka 1991 kwamba usijengwe. Gernhardt akautungia mnyama wake rasmi. Ni mchanganyiko wa nguruwe, ndege kwezi na kile kimnyama cha majini kinachofanana na mjusi. Usicheke, mji umemkubali kweli, yupo kwenye ramani za matembezi. Na yupo kwa shaba, kwenye daraja la mto Nidda lililopewa jina la Gernhardt mwenyewe. Ukifika unamkuta ametulia na mabawa yake kama vile amekuwapo hapo tangu kabla ya mji. Watoto wanamshika kila wanapopita.

Pembeni ya daraja hilo kuna uwanja wa zamani wa helikopta za jeshi la Marekani, uliofungwa mwaka 1992. Zege la njia ya kurukia limevunjwavunjwa, mabamba yake yakaachwa palepale, nyasi na miti ikajiotea katikati, vyura wakahamia. Siku za jua watu wanakuja na baiskeli, wanakula, wanalala juu ya zege. Mimi huwa natembea hapo kila nikipata nafasi. Sijawahi kuona mahali pengine ambapo mnyama asiyekuwapo amepewa jukumu la kulinda ardhi halisi.

Kwenye msitu wa mji upande wa kusini ziko kazi za Waechter. Kuna bundi aliyevaa sweta la Kinorwe. Na kuna mti unaokojoa, naomba radhi Shangazi, lakini ndivyo ulivyo: unapita chini yake kwa amani zako na unakurushia maji. Wazo lake ni kwamba kwa karne nyingi miti imevumilia mbwa na binadamu, sasa mmoja umeamua kujibu.

Shangazi Zuhura

Hakuna haja ya radhi mwanangu, nimecheka hadi mjukuu amekuja kuuliza kuna nini. Huo mti una haki yake kabisa.

Kijana wa Kale

Swali kwa mleta uzi. Umesema Gernhardt alikataa maana nzito kwa sababu ya yale aliyoyaona utotoni. Je, alibaki hivyo mpaka mwisho? Maana mtu anaweza kucheza na maneno akiwa na miaka 27, lakini uzee na maradhi yanakuja. Hapo ndipo huwa naona wachekeshaji wengi wanaanza kuhubiri.

Mkala Wino

Swali zuri mno, na ndilo linalonifanya nimpende zaidi.

Gernhardt alikuwa amesomea uchoraji Stuttgart na Berlin, na miaka ilivyosonga watu wakamtambua kuwa mshairi mkubwa, hata wale waliokuwa wakimdharau kwa sababu ya pardon. Mwaka 1996 alipasuliwa moyo. Baadaye akapata saratani. Aliandika mashairi juu ya yote mawili, ya vitanda vya hospitali, ya dawa zinazoingia mwilini, ya madaktari wanaosema kwa lugha yao. Na aliyaandika kwa vina na mizani safi, akiwa na uchezaji uleule wa kulifuata neno mpaka linapofika. Hakuhubiri. Mwili ulipokuwa unamgomea, aliushughulikia kama Schnuffi anavyoshughulikia tatizo lake: kwa umakini wote, bila kujipandisha. Alifariki Frankfurt tarehe 30 Juni 2006. Waechter alikuwa ametangulia Septemba 2005. Bernstein akaishi hadi Desemba 2018, baada ya kufundisha uchoraji wa katuni akiwa profesa Berlin kuanzia 1984 hadi 1999.

Kwa hiyo kwangu mimi jibu ni kwamba kazi ya Schnuffi ilimlipa mwisho wa safari. Mtu aliyezoea kukaa na jambo lisilo na maana bila kuogopa, hata kifo kikija na ukimya wake hakimkuti mikono mitupu.

Fundi Chuma

Mkuu, hapa umenipata kidogo. Sijabadilisha msimamo kuhusu silaha, lakini nimeelewa kwamba ulikuwa hauzungumzii pambo. Nibakize swali moja: kwa mtu ambaye hajui Kijerumani, anaanzia wapi? Maana umesema mambo mengi yanategemea maneno.

Mtu wa Mainz

Naomba nilijibu hilo kwa kuwa niko karibu. Usianze na Schnuffi, yeye anahitaji lugha. Anza na Waechter na Traxler, maana michoro yao mingi inaeleweka kwa jicho. Ukipata safari ya huku, nenda jumba la makumbusho la Caricatura, liko katikati ya mji kwenye jengo la zamani jirani na kanisa kuu. Lilifunguliwa mwaka 2008 na ghorofa moja imetengwa kwa ajili ya kundi hili. Nje utamkuta elki wa Traxler amesimama, ndiye yule wa beti ya Bernstein.

Kisha shuka mtoni, fuata ukingo wa Main kuelekea mashariki upande wa kusini. Utakuta kazi nyingine ya Traxler, ya mwaka 2005: ni jukwaa la sanamu lisilo na sanamu. Kwenye jiwe pameandikwa neno moja tu, MIMI, kwa Kijerumani, na nyuma kuna ngazi. Unapanda, unasimama, wenzako wanakupiga picha, unashuka, anapanda mwingine. Kijerumani hakihitajiki.

Mkala Wino

Shukrani ndugu yangu wa Mainz, umeufanya uzi uwe mzuri kuliko nilivyouleta. Fundi, kama una subira na kamusi, kurasa zote za Welt im Spiegel, 1964 hadi 1976, zilichapishwa tena pamoja kwenye kitabu kimoja, na visa vya Schnuffi vina kitabu chake. Vinapatikana kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika. Ukianza na kukwama kwenye fremu yoyote, iandike hapa, nitakujibu ninavyoielewa, na kwa zile zinazonishinda mimi tutamsumbua huyu wa Mainz.